Swapu sio RAM ya ziada: kwa nini seva inaganda hata ukizima swapu

Jumamosi moja ya mwezi wa 11, duka la pembejeo pale Majengo, foleni imefika hadi barabarani, mawingu yameshaanza kujikusanya na kila mtu anataka mbegu ya alizeti au mtama kabla mvua haijamkuta, na mashine iliyobeba mfumo wote wa mauzo ikaganda. Haikuzima. Taa zinawaka, diski inaunguruma, ila ukibonyeza kitu unasubiri mpaka unakata tamaa. Baada ya kama dakika nane kompyuta zote tatu za kaunta zikatolewa kwenye mfumo kwa mpigo, halafu muda kidogo mbele zikarudi kama vile hamna kilichotokea. Mwenye duka akanipigia: "Fundi, mwanangu, risiti zimekata tena, wateja wananiondokea huku."

Nilipofika nikafungua logi ya keneli, yaani kiini cha Linux, na `dmesg`, nikakuta mstari huu, unaosema memori imeisha na prosesi moja ya PostgreSQL, databesi ya lile duka, imeuliwa:

`Out of memory: Killed process 1873 (postgres)`

Na `free -h` ikanipa hivi:

```
        total   used   free   buff/cache   available
Mem:    3.8Gi   3.1Gi  120Mi     640Mi        380Mi
Swap:      0B      0B     0B
```

Angalia mstari wa chini. Swapu, yaani nafasi ya diskini ambako keneli inahamishia vitu vilivyomo kwenye RAM, ni sifuri. Aliyeifunga ile mashine kabla yangu aliizima kwa makusudi, kwenye `/etc/fstab` aliweka alama ya reli mbele ya mstari wake, kwa sababu ile ile ninayoisikia kila siku hapa Dodoma, kwa vijana wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wenye laptopu za GB 4 na kwa wenzangu wa maofisini: swapu inafanya mashine iwe slo, kwa hiyo izime. Na kuna kundi la pili linalosema kinyume, RAM ni ndogo basi weka swapu GB 16 utapumua. Makundi yote mawili yanaichukulia swapu kama RAM ya ziada ya bei rahisi, na hapo ndipo wote wanapopotea. Naomba niieleze taratibu maana ukishaelewa jambo moja la msingi hayo mengine yanajipanga yenyewe.

Iko hivi. Keneli inaigawa RAM vipande vidogo vinavyoitwa kurasa, kwa kompyuta za kawaida kila ukurasa ni KB 4. Sasa kurasa ambazo programu zako zinatumia ziko za aina mbili, na tofauti ya hizi aina mbili ndio habari yote ya swapu.

Chukua lile duka lenyewe. Mbele kwenye kaunta kuna vitu viwili vimekaa. Cha kwanza ni bidhaa, pakiti za mbegu, dawa za wadudu, hizi zimetoka kwa msambazaji na msambazaji bado anazo, ukizipunguza pale kaunta na kesho ukazihitaji unaagiza tena, utachelewa kidogo tu. Cha pili ni mizigo ya watu. Wanaonunua pale wengi wametoka mbali, Kongwa, Mpwapwa, Chemba, Manyoni, mtu akishanunua anakwambia "mama naomba nikuachie huu mfuko napita hospitali mara moja, nitaupitia saa kumi". Ule mfuko huwezi kuutupa ukasema utaagiza mwingine. Hakuna mwingine. Upo huo mmoja tu.

Kwenye RAM, kurasa za aina ya kwanza ni zile zilizosomwa kutoka kwenye faili: kodi (code, yaani maagizo) ya programu zenyewe, maktaba zake, data iliyosomwa diskini ikabaki kwenye kashe. Nakala yake ipo diskini, kwa hiyo keneli ikibanwa inaziachia tu na zikihitajika inazisoma upya. Kurasa za aina ya pili ni zile ambazo programu imezitengeneza yenyewe ikiwa inafanya kazi, matokeo ya hesabu, fomu uliyoanza kujaza, tabu za brauza, orodha ambayo databesi inaipanga. Hazina faili nyuma yake. Hizi keneli haiwezi kuzitupa hata iweje, njia pekee ya kuziondoa kwenye RAM ni kuziandika sehemu fulani ili zirudishwe baadaye, na sehemu hiyo ndio swapu. Ni stoo ya nyuma ya kuwekea mifuko ya watu.

Sasa funga stoo. Mifuko inaongezeka, kaunta inajaa, na huna pa kuipeleka, kwa hiyo kila mfuko mpya ukija unachopunguza ni bidhaa, kwa sababu ndicho kitu pekee unachoruhusiwa kuondoa. Mwisho kaunta imejaa mifuko ya watu ambao hata hawajulikani watarudi saa ngapi, na pakiti za mbegu ambazo mteja anazitaka sasa hivi ndizo zinazokimbiliwa kwa msambazaji moja moja.

Hicho ndicho kilichokuwa kinatokea kwenye ile mashine. Jioni yake ikarudia nikiwa nimekaa mbele yake, nikaendesha `vmstat 1`, safu za `si` na `so` ambazo ndio zinaonyesha swapu kuingia na kutoka zilikuwa sifuri, haina swapu ingetoka wapi, lakini `bi`, yaani data inayosomwa kutoka diskini, ilikuwa imepanda vibaya mno na `wa`, muda ambao prosesa imekaa inasubiri diski, ilikuwa zaidi ya asilimia 70. Mashine ilikuwa inasoma kodi ya programu zake yenyewe, inaitupa, inaisoma tena, inaitupa tena. Kwa hiyo ukizima swapu kule kuhangaika hakuishi, kunahamia kwenye kundi lingine la kurasa, na mara nyingi ndilo kundi linalohitajika zaidi. Likiisha hilo nalo, keneli inachagua prosesi moja ya kuiua, kwa kawaida ile iliyoshika memori nyingi zaidi. Kwenye seva ya databesi unajua itakuwa ni nani. Na PostgreSQL prosesi yake moja ikiuliwa kwa nguvu, prosesi mama haiamini tena ile memori wanayoshirikiana, inawatoa wote na kuanza kujirekebisha, ndio maana kaunta zote tatu zilitoka kwa pamoja japo aliyekosea ni mmoja.

Ila nao wale wanaosema swapu ni slo hawajatunga. Diski ya kuzunguka, zile HDD za mizunguko 7200 kwa dakika, ukiiambia ikaokote vitu vilivyotawanyika inaweza kama mara 100 kwa sekunde. Zidisha kwa KB 4, unapata KB 400 kwa sekunde, basi. Programu yenye MB 400 kwenye swapu ikiitwa irudi, kwa hesabu hiyo ni kama dakika 17. Kwa bahati keneli haiokoti moja moja, kwa kawaida inachota kurasa 8 zilizokaa jirani kwa mkupuo (`vm.page-cluster` ikiwa 3), kwa hiyo zikiwa zimepangana vizuri unashuka hadi dakika mbili hivi. Bado ni nyingi kwa mtu aliyeshika hela mkononi. SSD, diski isiyo na kitu cha kuzunguka, inabadilisha kabisa picha hii, na kama una shilingi ya kutumia kwenye mashine ya zamani ningekwambia ianzie hapo.

Kwa hiyo swapu ni nzuri kwa mifuko iliyolala, ni mbaya kwa mifuko ambayo wenyewe wanaingia na kutoka kila dakika. Ndio maana swali la "swapu yangu imetumika kiasi gani" halina faida kubwa. Unaweza kukuta MB 700 zimekaa kwenye swapu wiki nzima na mashine inakimbia vizuri tu, ni huduma zilizoamka siku mashine inawashwa na hazijagusa ile memori tena. Kinachoua ni mwendo. Angalia `si` na `so` kwenye `vmstat 1`, mstari wa kwanza uruke maana ni wastani tangu mashine iwashwe, soma inayofuata. Zikiwa sifuri au zinaruka mara moja moja, achana nazo. Zikiwa zote mbili zinasoma maelfu kwa mfululizo, kuna watu wanagombania kaunta, na hapo tatizo ni RAM haitoshi kwa kazi uliyoipa. Kuongeza swapu kutachelewesha kifo na kurefusha mateso. Keneli kuanzia toleo 4.20 la 2018 ina kipimo kizuri zaidi, `cat /proc/pressure/memory`, ule mstari wa `full` na `avg10` unakwambia kwa sekunde 10 zilizopita ni asilimia ngapi ya muda kazi zote zilikwama kwa pamoja zikisubiri memori. Napenda sana hiki kipimo maana kinapima kile kile mtu wa kaunta anachokihisi.

Kutengeneza swapu yenyewe ni kazi ndogo. Huhitaji kugawa diski upya, faili linatosha, Ubuntu wenyewe wanatumia faili tangu 17.04:

```
sudo dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=2048
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile
```

Halafu kwenye `/etc/fstab` unaweka `/swapfile none swap sw 0 0` ili umeme ukikatika na kurudi iwake yenyewe, kisha hakiki na `swapon --show`. Ile `chmod 600` watu wanairuka, usiiruke. Ndani ya lile faili kutakuwa na vipande vya memori za watu wote, ikiwemo nywila ambazo programu ilikuwa imezishika, kwa hiyo akiweza kulisoma mtumiaji yeyote umeweka mifuko ya wateja barazani. Na kama diski yako inatumia mfumo wa mafaili wa Btrfs, faili la swapu lina masharti yake, lazima lisiwe la kunakiliwa upya kila linapoandikwa, soma kwanza kabla hujaweka.

Ukubwa je? Ule msemo wa mara mbili ya RAM ni wa zamani, wa enzi ambazo RAM ilikuwa ndogo na Unix za familia ya BSD zilikuwa zinatenga nafasi diskini kwa kila ukurasa hata kama haujatolewa. Hata neno lenyewe limetoka mbali, Unix za mwanzo zilikuwa zinabadilisha prosesi nzima nzima, moja inatoka yote ndio nyingine iingie, kutoa ukurasa mmoja mmoja kulikuja na 3BSD mwaka 1979. Kwa leo mimi kwenye mashine ya GB 4 naweka GB 2, hadi GB 4 kama ni laptopu, na kama unataka kuilaza laptopu kwa kuandika RAM yote diskini basi iwe angalau sawa na RAM. Seva ya GB 64 haina sababu ya kuwa na swapu ya GB 128, ikifika huko ilishakufa kitambo.

Sasa swapines. Hapa ndipo penye upotoshaji mwingi. `vm.swappiness` ikiwa 60, ambayo ndio ya kawaida, haimaanishi kwamba RAM ikifika asilimia 60 au ikibaki 40 ndio swapu inaanza. Haina uhusiano na asilimia ya RAM kabisa. Ni mizani: keneli ikishabanwa na ni lazima ipunguze kitu, iegemee wapi, kwenye kutoa mifuko au kwenye kupunguza bidhaa. Namba 100 inasema gharama ya vyote viwili ni sawa, chini ya hapo unaiambia kutoa mifuko ni ghali zaidi, na tangu keneli 5.8 ya 2020 inaruhusiwa kwenda hadi 200, kwa wale ambao swapu yao ina kasi kuliko diski yenye mafaili. Ukiweka 0 hujaizima swapu, umeiambia isiiguse mpaka iwe imekabwa shingoni. Kwenye ile seva yenye HDD nimeweka 20, `vm.swappiness=20` ndani ya faili kwenye `/etc/sysctl.d/`, halafu `sudo sysctl --system`. Kwenye SSD huwa naiacha 60 na sijawahi kujuta.

Swapu yenye kasi kuliko diski inatoka wapi? Hiyo ni zram, na kwa mwanafunzi mwenye laptopu ya GB 4 hii ndio ningemwambia aanze nayo leo leo. Ni swapu iliyomo ndani ya RAM yenyewe, ila iliyobanwa, yaani mfuko unaukandamiza unatoa upepo halafu unausukuma chini ya kaunta badala ya kuupeleka stoo. Mara nyingi inabana mbili hadi tatu kwa moja. Inakula nguvu ya prosesa kidogo, ila prosesa kubana KB 4 ni haraka mno ukilinganisha na kungoja HDD. Fedora wameifanya ya kawaida tangu toleo 33 la 2020. Kwenye Ubuntu na Debian unafunga `zram-tools`, unapanga asilimia kwenye `/etc/default/zramswap`, na hapa ndipo swapines ya 100 kwenda juu inaleta maana. Unaweza kuwa na zram na faili la diski kwa pamoja, ipe zram kipaumbele kikubwa ijazwe kwanza.

Mpaka hapa tumeongelea memori ya programu. Keneli yenyewe nayo ina memori yake, na kwenye Linux memori hiyo haitolewi kwenda kwenye swapu, kamwe. Hii ni meza ya mwenye duka, daftari na droo ya hela, hazipelekwi stoo. Kwa hiyo kama RAM inaisha na programu zote ukijumlisha hazifiki nusu, usiongeze swapu, fungua `/proc/meminfo` uangalie `Slab`. Chini yake kuna `SReclaimable`, ambayo ni kashe ya majina na taarifa za mafaili, hii keneli inaiachia ikibanwa. Utaikuta imevimba sana baada ya bakapu ya usiku kupitia mafaili laki kadhaa na watu wanapaniki bure. Ya kuogopa ni `SUnreclaim`, ikiwa inapanda siku hadi siku bila kushuka, kuna draiva au moduli inavuja na `slabtop` itakuonyesha kwa jina. Kuna `vm.vfs_cache_pressure`, kawaida yake 100, ukiipandisha keneli inaachia ile kashe ya majina haraka zaidi, ukiiweka 0 haiachii kabisa na unaweza kuua mashine. Na `vm.min_free_kbytes`, akiba ambayo keneli inajitunzia kwa ajili ya dharura, ukiipandisha kwa pupa unainyima mashine RAM yake na inaanza kuua prosesi papo hapo. Hizi mbili mimi sizigusi bila sababu niliyoiona kwa macho. Hugepeji pia, yaani kurasa kubwa kuliko zile za KB 4, ukishazitenga kwa `vm.nr_hugepages` zimekwenda, haziguswi na swapu, na kama programu haijui kuzitumia hazimsaidii mtu.

Mwongozo wa zamani wa kufunga databesi utakwambia pandisha `kernel.shmmax`, kikomo cha kipande cha memori ambacho prosesi zinashirikiana. Ilikuwa kweli, kawaida yake ilikuwa MB 32 tu, lakini keneli 3.16 ya 2014 iliiondolea kikomo na PostgreSQL tangu 9.3 ya 2013 haitegemei tena njia ile kwa sehemu kubwa ya memori yake. Ukikuta mtu bado anakuandikia mstari huo mwambie tu kwa upole.

Mtego ambao umewahi kunipotezea siku nzima ni `vm.overcommit_memory`. Kwa kawaida keneli inaahidi memori kuliko iliyonayo, kwa sababu programu nyingi zinaomba nyingi na kutumia kidogo. Watu wa databesi wanashauri uweke 2, ikatae mapema badala ya kuahidi halafu iue mtu. Ushauri mzuri. Ila ukiweka 2, kikomo kinakuwa swapu yako jumlisha asilimia ya RAM iliyopo kwenye `vm.overcommit_ratio`, na hiyo asilimia kawaida ni 50. Fanya hesabu kwa mashine ya GB 4 isiyo na swapu: kikomo GB 2. Programu zinaanza kukataliwa memori na wewe unaona nusu ya RAM iko wazi, unabaki unajiuliza ni uchawi gani. Weka swapu ya GB 2 kikomo kinakuwa GB 4, na hiyo swapu inaweza isiandikwe hata ukurasa mmoja, kuwepo kwake tu kumetosha. `grep Commit /proc/meminfo` inakuonyesha kikomo na kilichokwishaahidiwa.

Turudi Majengo. Swapu ya GB 2 niliweka jioni ile ile, lakini ningeishia hapo ningekuwa nimemdanganya yule mama. Kilichokuwa kinakula memori ni `work_mem` ya PostgreSQL, ambayo kawaida yake ni MB 4, mtu alikuwa ameipandisha hadi MB 256, na kiasi hicho hakihesabiwi kwa databesi nzima, kila upangaji ndani ya kila swali unaruhusiwa kuchukua chake. Ripoti ya mauzo ya mwaka ina upangaji kadhaa, watu watatu wakiifungua pamoja GB 4 inatosha wapi. Nimeishusha hadi MB 16, ripoti inachukua sekunde chache zaidi, haimsumbui mtu.

Wiki mbili baadaye, mvua imeshaanza kweli kweli, akanipigia tena. "Fundi, yule kijana wangu anasema stoo ya ile mashine ina vitu MB 310, nifanye nini, niisafishe?" Nikamwambia ampe simu kijana, nikamwomba aendeshe `vmstat 1` anisomee safu mbili kwa sauti. "Sifuri sifuri. Sifuri sifuri. Sifuri, na hii nyingine nane. Sifuri sifuri." Nikamwambia dogo usiguse, usiendeshe `swapoff` saa hizi, itarudisha mizigo yote kaunta na foleni ipo nje, hao wenye mifuko bado hawajarudi.